X kwenye ukuta wa duka lako: nyekundu au kijani?

Tuseme una fremu Bariadi, pembeni ya barabara kuu ya Lamadi–Mwigumbi. Unauza vitenge Wasap, mteja analipa kwa simu, mzigo unaupeleka stendi. Asubuhi moja unakuta ukuta umepigwa X. Usikimbilie kulia. Angalia rangi kwanza.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ukipima kuanzia katikati ya barabara. X nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara: unaondoka bila fidia. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata: ulikuwepo kihalali kabla hifadhi haijapanuliwa, kwa hiyo una haki ya kulipwa.

"Lakini mimi sina hati, eneo ni la ukoo." Bado unayo haki. Katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyoripotiwa mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ilisema ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Haichukuliwi bila fidia ya haki.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoteza pesa. Fidia siyo ya matofali na bati peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida ya biashara inayopotea. Hiyo faida ni faida halisi ya mwezi mmoja mara miezi 36. Ukithibitisha unabakiwa na 200,000 kwa mwezi, hapo ni 7,200,000. Usipothibitisha, mthamini ataandika nini?

Kwa hiyo anza leo:

1. Andika mauzo na matumizi kila siku. Chati za Wasap peke yake hazitoshi.
2. Tunza miamala ya simu, leseni, risiti za kodi ya TRA na mkataba wa pango.
3. Piga picha duka na stoo, zenye tarehe.
4. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Soma fomu kabla ya kusaini, ubaki na nakala. Kama umepanga, jengo ni la mwenye nyumba, lakini hakikisha biashara yako imeandikwa.

Na kama fidia imegoma, au kazi ya serikali imeharibu mali yako? Huendi mahakamani moja kwa moja. Unatoa kwanza notisi ya siku 90 kwa ofisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 2020 utaratibu huo unazigusa na halmashauri. Ukiruka hatua hiyo, kesi inatupwa hata kama haki ni yako. Tafuta wakili au msaada wa kisheria mapema.

Daftari la shilingi mia chache linaweza kukulipa mamilioni. Wewe la kwako liko wapi? Tuambie kwenye maoni, na mtumie mwenzako mwenye fremu barabarani.