Asidosisi ya Rumeni na Athari Zake katika Upumuaji na Mzunguko wa Damu wa Ng'ombe

Ng'ombe aliyezoea majani, akila nafaka nyingi kwa mara moja, anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu ilhali nafaka yenyewe haina sumu. Kinachomuua ni asidi inayozalishwa ndani ya rumeni, yaani chumba kikubwa kuliko vyote katika tumbo la mnyama anayecheua. Makala haya yanafafanua namna asidi hiyo inavyoathiri upumuaji na mzunguko wa damu, na kwa nini kuhema kwa kasi pekee hakutoshi kuthibitisha ugonjwa wa mapafu.

Kwa kawaida, pH ya rumeni huwa kati ya 6 na 7. Wanga unapozidi, bakteria aina ya Streptococcus bovis huongezeka upesi na kuzalisha asidi laktiki. pH ikishuka chini ya 5, vijidudu vingi vinavyomeng'enya nyuzinyuzi hufa, huku bakteria wa jenasi ya Lactobacillus wakiendelea kuzalisha asidi. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, asidi hufyonzwa na kuingia katika damu. Pili, kwa njia ya osmosisi, maji hutoka katika damu na kuingia rumenini. Hivyo mnyama hupungukiwa maji mwilini ilhali tumbo lake limejaa majimaji.

Damu ya ng'ombe huwa na pH ya takriban 7.4. Ioni za haidrojeni zinapoongezeka, bikabonati huungana nazo, na kinachopatikana ni maji na kabonidayoksaidi. Vipokezi vilivyo kwenye ateri za shingo hutambua badiliko hilo na kukiarifu kituo cha upumuaji katika ubongo. Mnyama huhema kwa kasi ili kuitoa kabonidayoksaidi. Kuhema huko, basi, ni kinga ya mwili. Hata hivyo, mapafu hayawezi kuitoa asidi laktiki yenyewe wala kurejesha bikabonati iliyotumika. Kurejesha bikabonati ni kazi ya figo, nazo huhitaji damu ya kutosha.

Damu hiyo ndiyo inayopungua. Ujazo wake ukishuka, moyo hupiga kwa kasi zaidi. Lakini asidi hudhoofisha mkazo wa misuli ya moyo na kulegeza mishipa midogo, hivyo shinikizo la damu hushuka. Mwaka 1904, Christian Bohr na wenzake walionyesha kuwa kabonidayoksaidi hupunguza uwezo wa himoglobini kushikilia oksijeni, na ongezeko la asidi lina athari hiyohiyo. Tishu hunufaika kwa kupokea oksijeni kwa urahisi, lakini manufaa hayo hukoma damu isipozifikia. Zikikosa oksijeni, nazo huzalisha asidi laktiki, na hali huzidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo, vipimo vinapaswa kusomwa kwa pamoja. Nimonia kali kwa kawaida huambatana na homa, ilhali katika asidosisi kali ya rumeni joto la mwili mara nyingi huwa la kawaida au chini yake. Mnyama ambaye mapigo ya moyo wake hayajafikia 100 kwa dakika ana matumaini makubwa zaidi ya kupona kuliko yule aliyevuka 120. Dawa ya mapafu pekee haigusi chanzo: mnyama huhitaji kuondolewa nafaka iliyomo rumenini, kurejeshewa maji, na kupewa bikabonati kabla moyo haujashindwa.