Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Miaka: Tuliyojifunza katika Msitu wa Karura



Tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilipotangaza siku ya mapumziko ili kila Mkenya apande mti, sisi wa Tuala hatukubaki nyuma. Akina mama wa mtaa wetu tulichanga, tukanunua miche ishirini, tukaipanda kando ya njia ya kwenda madrasa. Watoto walisoma kasida, picha zikapigwa, nasi tukarudi majumbani nyoyo zikiwa zimejaa furaha. Mwaka mmoja baadaye tulipokwenda kuihesabu, ilikuwa imesalia mitatu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka katika jua la Januari na Februari, na michache ilifukuliwa pamoja na udongo ulipochimbwa msingi wa nyumba za kupangisha. Hatukumpata wa kumlaumu. Miche ile ilipandwa na watu wengi, lakini haikuwa na mwenyewe.

Huzuni hiyo ndiyo iliyotupeleka Karura. Tulitaka kuona kwa macho yetu jinsi msitu wa takriban hekta 1,000 ulivyoweza kubaki ndani ya jiji la Nairobi, mahali ambapo kila kipande cha ardhi kinatamaniwa.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Hata hivyo, tangazo la gazetini halikuwa ngome. Katika miaka ya tisini sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi kwa siri, miti ikaanza kuangushwa na majengo kuinuliwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliwaongoza wananchi kupinga unyakuzi huo. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walikwenda langoni kupanda mche tu, wakashambuliwa na walinzi waliokodiwa. Alipigwa kichwani hadi akatoka damu, na kwa damu hiyo akatia sahihi taarifa yake katika kituo cha polisi. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, dunia ikapaza sauti, na mnamo Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Bi Wangari akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Msitu uliokolewa, lakini kuokolewa si kutunzwa. Mama mmoja miongoni mwetu, aliyeishi Nairobi siku hizo, alitusimulia kwamba hata baada ya ushindi ule hakuna mwanamke aliyethubutu kuingia Karura peke yake. Lilikuwa pango la wezi, na wenyeji wa jirani waliingia kwa hofu kutafuta kuni.

Mabadiliko yalikuja kwa mpango. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kijamii na kusimamia misitu kwa kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Karura. Uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vitongoji vya jirani wakaajiriwa na kufunzwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa rasmi kwa umma. Ada ndogo ya kiingilio ikasaidia kulipa mishahara na kutengeneza njia. Mikaratusi, ile miti ya kigeni inayofyonza maji, inapunguzwa hatua kwa hatua na mahali pake kupandwa miti ya asili. Hata mbega weusi kwa weupe walirejeshwa, wakaletwa kutoka Kipipiri.

Tulifika asubuhi ya Jumamosi. Tulikuta wakimbiaji, wazee wakitembea polepole, wanafunzi na walimu wao, na wasichana wawili watatu wakiendesha baiskeli bila wasiwasi wowote. Tuliona maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, tulibeba mahamri kwenye vikapu, chai kwenye chupa za chai, na vikombe vya bati. Adhuhuri ilipoingia tulitandika mikeka kivulini, tukatia udhu kwa uangalifu, kila mmoja akitumia maji kidogo, tukasali. Tulipoondoka, watoto waliokota hata maganda ya machungwa ambayo si yao.

Mlinzi mmoja kijana alituonyesha mti wa muhugu, mgumu na mzito. Wale wetu waliozaliwa Malindi waliutambua mara moja, kwani unaota pia katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na wachongaji wa Mombasa wanaujua kwa kisu chao. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba utunzaji wa misitu si jambo geni kwetu watu wa Pwani. Jirani zetu Wamijikenda wamelinda misitu ya kaya kwa karne nyingi, bila uzio wa umeme, kwa miiko na wazee waliojua wajibu wao. Mwaka 2008 kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Njia ni tofauti, lakini siri ni moja: kila msitu uliosalimika ulikuwa na watu waliojulikana kwa majina kuwa ndio walinzi wake.

Tusidhani pia kwamba kazi hiyo ina mwisho. Agosti 2025 kulizuka mvutano mkubwa kuhusu ada za Karura, zikusanywe na kusimamiwa na nani, chama cha wananchi au serikali. Si kazi yetu kuhukumu hapa. Tunalosema ni kwamba amana ya watu wengi huhitaji hesabu iliyo wazi, iwe ni ya msitu au ya kikundi cha akina mama.

Nasi wa Tuala tuna amana yetu. Ng'ambo ya mto Mbagathi iko Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Upande wa kusini mbuga hiyo iliachwa bila ukuta ili wanyama wapite kwenda nyanda za Kitengela. Kuanzia mwaka 2000, familia za Kimaasai za Kitengela zililipwa shilingi 300 kwa ekari kila mwaka ili zisiweke nyua wala kuuza ardhi yao, na fedha hizo zikasomesha watoto. Leo viwanja vinakatwa kila upande, nasi wenyewe tu miongoni mwa waliovinunua. Hatuwezi kulalamikia vumbi na joto kana kwamba nyumba zetu zilishuka kutoka mbinguni.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila kitakacholiwa kutokana nao na mtu, ndege au mnyama huandikwa sadaka kwake. Lakini mche uliokauka hauli mtu, wala ndege hatui juu yake.

Basi tuliporudi tulikaa kikao kifupi baada ya Alasiri. Hatukununua miche mipya. Tuligawana ile mitatu iliyosalia: kila mti ukapewa nyumba mbili, mmoja akashika zamu ya maji na mwenzake zamu ya kuangalia mbuzi. Tulichanga fedha za miiba na waya, na hesabu yake imebandikwa mlangoni mwa madrasa ili kila mtu aisome. Itakapopita kiangazi salama, tutaongeza mitatu mingine, inshallah.

Mtoto mmoja aliuliza kama mti wake utafika urefu wa ile ya Karura. Bibi yake alimjibu: "Utafika, mjukuu wangu, lakini leo ni zamu yako ya maji." Akainua kidumu, akaenda.