Spana ya Kipimo kwa Bolti za Injini Ndogo

Mkulima anyweshaye mboga zake kwa pampu ya petroli huona oili ikivuja ubavuni mwa injini, naye hutwaa spana akaikaza bolti. Oili ikizidi kuvuja, huikaza tena. Mara bolti yazunguka bure, haishiki. Hesi zilizochongwa ndani ya alumini zimeng'oka, na mboga zangoja maji mpaka fundi atoboe tundu upya na kutia hesi nyingine.

Mkono wa mtu una nguvu kuliko adhaniavyo. Kilo moja ikitundikwa kwenye ncha ya mpini wa mita moja, hukaza kwa nguvu ya karibu newtonmita 10, na nguvu hiyo yatosha kwa bolti nyingi zenye unene wa milimita 6. Kwa spana ya sentimita 20, hiyo ni sawa na kuvuta kilo 5 tu. Hata mtoto aweza kupita hapo bila kujua.

Kwa sababu hiyo ilitengenezwa spana ya kipimo. Ile iliyo ya kawaida zaidi huzungushwa mpini wake mpaka namba itakiwayo. Nguvu ikitimia, spana hualika. Hapo ndipo pa kuacha. Wengi huongeza kidogo ili wawe na hakika, na kidogo hicho ndicho kikatacho bolti.

Spana kubwa ya magurudumu ya gari, ipimayo kutoka 40 hadi 200, haifai kwa kazi hii. Yafaa ndogo ipimayo 5 hadi 25. Kwa mfano, katika injini ya Honda GX160, iendeshayo pampu nyingi, bolti za kichwa cha silinda hukazwa kwa 24, na za konrodi kwa 12. Kila injini ina kitabu chake, na namba za kufuata ni zile za kitabu hicho.

Mnunuzi aangalie pia vipimo vya ratli. Ratli-futi moja ni ratli-inchi 12. Bolti iliyoandikiwa ratli-inchi 88, ikikazwa kwa ratli-futi 88, itakatika kabla ya kufika robo ya njia.

Kabla ya kukaza, hesi zisafishwe zikauke. Zisipakwe mafuta ila kitabu kikiagiza, kwa maana hesi yenye mafuta huteleza, na kwa namba ile ile bolti huvutwa kupita kiasi. Bolti zote zitiwe kwanza kwa vidole, kisha zikazwe kwa kukingamana, kwanza kwa nusu ya nguvu, halafu kwa nguvu kamili. Mpini ushikwe penye mshiko wake na kuvutwa polepole, wala usiunganishwe na bomba. Kufungua bolti zilizogoma ni kazi ya spana ya kawaida. Kazi ikiisha, spana ya kipimo irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa, ili springi iliyomo ndani isilegee.