Pigo, Mwangwi na Mwale: Istilahi za Rada

Mtafsiri akiita “ishara” kile kinachotumwa na rada na pia kile kinachorudi, humwacha msomaji gizani. Yafaa tutenganishe.

Antena hutuma mapigo mafupi ya mawimbi. Pigo likikutana na matone ya mvua, sehemu ndogo yake hurejea. Huo ndio mwangwi. Kirangozi wa misafara ya zamani kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji alifuatana na mlio wa ngoma, wala hakuna aliyeudhani mwangwi wa vilimani kuwa ngoma yenyewe.

Umbo la antena hutawala mwale. Kwa mawimbi yaleyale, antena kubwa hutoa mwale mwembamba, na ndogo hutoa mpana. Kutoka Mwanza hadi Tabora ni kilometa 280 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwale wa nyuzi 1 ukifika huko huwa na upana wa kilometa 5 hivi. Wa nyuzi 2, kilometa 10, nao huweza kuchanganya mvua ya mjini na ya Kwihara.

Hata hivyo, wembamba una gharama. Tuseme antena huzunguka mara 3 kwa dakika na kutuma mapigo 500 kwa sekunde. Mwale wa nyuzi 1 hulipiga wingu mapigo 28 tu. Wa nyuzi 2, mapigo 56. Kwa kuwa matone husogea, mwangwi hupanda na kushuka; wastani wa mapigo machache si thabiti.

Hivyo basi, “pigo dhaifu” ni hitilafu ya mtambo. “Mwangwi dhaifu” huenda ni manyunyu tu. “Ishara dhaifu” haimwambii fundi wala mtabiri lolote.