Pikseli na Ukili: Sanaa ya Kuenzi Michezo ya Kale ya Video na Msamiati wa Wasukaji wa Rufiji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna sanaa ya pikseli inavyotengenezwa, hasa ile inayochorwa na mashabiki ili kuienzi michezo ya video ya miaka ya 1980, na kuilinganisha na usukaji wa mikeka ya ukindu katika delta ya Rufiji na Kibiti. Tunajenga hoja kwamba fani hizi mbili hukutana katika jambo moja la msingi, nalo ni ubunifu unaozaliwa na masharti ya kifaa. Na kwamba Kiswahili kinaweza kuazima kwa wasukaji baadhi ya istilahi kinazozihitaji, mradi uazimaji huo uongozwe na utendaji wa kitu na si sura yake tu.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili katika uwanja wa kompyuta una historia ndefu. Mashine yenyewe imewahi kupendekezewa majina kadhaa, yakiwamo ngamizi na tarakilishi, ilhali wasemaji wengi wamebaki na kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili, na kazi hiyo ilidai maneno mengi ambayo hayakuwa na mazoea ya kutumika. Maneno hayo yalikuwa ya ofisini: faili, jedwali, uchapaji. Katika makala haya tunageukia sanaa, na hasa tawi moja linalojulikana duniani kote kwa jina la sanaa ya pikseli.

Tumechagua kuitazama sanaa hiyo kutoka Rufiji na Kibiti kwa sababu mbili. Kwanza, katika vijiji vya delta na katika nchi ya Kibiti iliyo kaskazini mwa mto, usukaji wa mikeka ya ukindu ni kazi mashuhuri ya wanawake. Pili, ni eneo ambalo lugha zinapokezana: Kindengereko, ambacho sarufi yake ilielezwa na Eva-Marie Ström mwaka 2013, kinaendelea kukipisha Kiswahili. Msamiati wa kazi za mikono ni miongoni mwa mambo yanayopotea kwanza lugha inapopisha nyingine. Kwa hiyo swali la istilahi hapa lina haraka yake.

2.0 Masharti ya Mashine

Neno pikseli ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "sehemu ya picha". Lilionekana katika maandishi mwaka 1965, katika kazi za Frederic Billingsley kuhusu picha zilizotumwa na vyombo vya angani. Pikseli ni mraba mdogo kabisa wa picha unaoweza kupewa rangi yake. Kila picha ya kompyuta ina pikseli, lakini si kila picha ni sanaa ya pikseli. Sanaa hii ni ile ambayo msanii huziona pikseli moja moja na kuamua rangi ya kila moja kwa makusudi.

Zama zinazoenziwa na mashabiki ni zile ambazo msanii hakuwa na njia nyingine. Tuchukue mashine ya Famicom, iliyotolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1983 na kuuzwa Marekani tangu mwaka 1985 kwa jina la Nintendo Entertainment System. Kioo chake kilikuwa na pikseli 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Picha zilijengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Kiumbe anayetembea kiooni aliruhusiwa rangi tatu tu katika kila kigae chake, na nafasi ya nne ilikuwa ya uwazi, yaani pale ambapo mandhari ya nyuma huonekana. Katika mstari mmoja wa kioo mashine iliweza kuonyesha vigae nane vya viumbe. Vikizidi hapo, vingine vilitoweka.

Masharti haya yalizaa sura tunazozijua. Mhusika aliyekuja kuitwa Mario alibuniwa na Shigeru Miyamoto kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981. Alipewa masharubu kwa kuwa mdomo usingeonekana katika pikseli chache vile, na kofia kwa kuwa nywele zilikuwa ngumu kuchorwa. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mawingu na vichaka ni umbo moja lililobadilishwa rangi, ili kuokoa nafasi katika mchezo ambao wote ulikuwa na kilobaiti 40.

Ni vema ikumbukwe kwamba zama hizo hazikuishiwa Rufiji. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kijana wa Kibiti anayechora leo kwa mtindo wa mwaka 1985 hakumbuki utoto wake. Anachokienzi ni kanuni. Nasi tunadai kwamba kanuni ndiyo kiini cha sanaa hii hata kwa yule aliyeziishi zama zenyewe: kompyuta ya leo inaweza kuonyesha mamilioni ya rangi, lakini shabiki hujifunga kwa hiari katika rangi tatu.

3.0 Kiboko katika Miraba 256

Ili utaratibu ueleweke, tuchore kiboko wa Mto Rufiji kwa masharti ya Famicom. Tumchague kiboko badala ya Mario kwa sababu mbili: mhusika wa mchezo ni mali ya mwenye mchezo kisheria, ilhali kanuni za uchoraji ni za wote, na kiboko ana umbo linalotambulika hata likipunguzwa sana.

Tunaanza na uwanja wa pikseli 16 kwa 16, yaani miraba 256 au vigae vinne. Kichwa cha kiboko kikitazamwa kwa mbele, upande wa kushoto na wa kulia vinalingana. Mashine ya Famicom iliweza kukigeuza kigae kama kioo kinavyofanya. Kwa hiyo tunachora vigae viwili vya kushoto tu, na vya kulia vinapatikana bila gharama. Lakini sharti hili lina bei yake: mwanga hauwezi kutoka upande mmoja, kwani ukichorwa kushoto utatokea na kulia. Inabidi uwekwe juu, katikati ya paji.

Rangi zetu tatu ni nyeusi ya mipaka, kijivu cha ngozi na waridi iliyofifia ya pua na masikio. Kinachotangulia ni kivuli cha umbo zima kwa rangi moja. Kiboko asipotambulika katika hatua hii, rangi hazitamwokoa. Kisha hufuata mipaka, na hapo mchoraji hukutana na tatizo la ngazi. Mstari ulionyooka, wa wima au wa mlalo, huonekana safi. Mstari wa mshazari unaopanda pikseli moja kwa kila moja nao huonekana safi. Lakini mstari unaopanda moja, mara mbili, mara moja, mara tatu, huonekana umevunjika. Taya la kiboko, ambalo ni mviringo mpana, linadai hatua zinazopungua kwa utaratibu: nne, mbili, moja, moja, mbili, nne.

Mwisho ni kujaza. Tukitaka rangi iliyo kati ya kijivu na waridi, na rangi ya nne hatunayo, tunazipishanisha hizo mbili mraba kwa mraba kama ubao wa drafti. Jicho lililo mbali huzichanganya lenyewe. Jicho la kiboko litakuwa pikseli moja nyeusi. Ikisogezwa mraba mmoja chini, mnyama aliyekuwa macho ataonekana amesinzia. Katika uwanja mdogo kiasi hiki hakuna pikseli isiyo na kazi.

4.0 Kiboko Huyo Huyo katika Ukili

Sasa tumpeleke kiboko huyu kwa msukaji. Ukindu ni majani ya mkindu, mti wa jamii ya mitende upendao kingo za mito na mahali penye majimaji. Majani hukaushwa, huchanwa kuwa chane, na zile zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika rangi. Chane husukwa kuwa utepe mrefu uitwao ukili, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka.

Kwa mtazamo wa haraka ukili ni uwanja wa miraba kama kioo cha Famicom. Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, alikuwa na uzoefu wa kudarizi na wa nakshi za vigae, akaona kuwa kazi yake mpya inafanana nazo. Naye Paulus Gerdes, katika utafiti wake wa mwaka 1994 juu ya mikoba ya sipatsi ya Inhambane, Msumbiji, alionyesha kuwa wasukaji wana hesabu kamili ya ulinganifu wa nakshi. Ufanano huo ni wa kweli, lakini tukiutazama kwa makini tunaona tofauti tatu zenye maana.

Tofauti ya kwanza ni ya mwelekeo. Katika ukili, chane hupita kwa mshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, zikifika ukingoni hukunjwa na kurudi. Miraba ya ukili kwa hiyo imesimama kwa pembe. Mstari wa mshazari, ambao mchoraji wa pikseli huufanya kwa hadhari, kwa msukaji ndio mwepesi kuliko yote. Na mstari wa mlalo, ambao kwa mchoraji ni mwepesi, kwa msukaji hutoka na meno kama ya msumeno. Paji la kiboko lililokuwa bapa litakuwa na meno, na taya lake litakuwa laini zaidi.

Tofauti ya pili ni ya uhuru. Mchoraji huipa kila pikseli rangi aitakayo kati ya zile tatu. Msukaji hana rangi ya kuweka. Anacho chane kinachopita juu na kinachopita chini. Chane mbili nyekundu zikikutana, rangi ya hapo ni nyekundu, apende asipende. Uamuzi upo pale tu chane za rangi mbili zinapokutana. Iwapo katika pande zote mbili chane nyekundu na nyeupe zinafuatana moja kwa moja, nusu tu ya makutano ndiyo inayompa msukaji nafasi ya kuchagua. Tena chane ikikaa juu kwa muda mrefu bila kuingia chini, ukili hulegea. Mwili wa kiboko wa rangi moja tupu kwa hiyo hauwezekani kwa chane za rangi mbili. Ni lazima rangi ya pili ichungulie. Kule kupishanisha rangi ambako mchoraji hukuchagua kama ufundi, kwa msukaji ndiko kunakoushika mkeka usifumuke.

Tofauti ya tatu ni ya makosa. Pikseli iliyokosewa hubadilishwa peke yake. Chane iliyopitishwa pasipo mahali pake huyumbisha yote yanayofuata, na aliyeikosea hana budi kufumua mpaka alipokosea.

5.0 Uamuzi wa Istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kigezo kimoja: neno la wasukaji liazimwe pale tu ambapo kitu cha kompyuta kinatenda kama kitu cha msukaji.

Kwa kigezo hiki, chane haifai kuwa jina la pikseli. Chane ina urefu na safari, pikseli haina. Kinacholingana na pikseli ni makutano ya chane, nalo neno hilo ni pana mno kuwa istilahi. Pikseli ibaki pikseli. Vivyo hivyo, kuchora kwa pikseli kusiitwe kusuka, maana hakuna kinachopita juu wala chini. Kwa kipande cha 8 kwa 8, kigae kinatosha.

Upishanishaji, kwa upande mwingine, ni istilahi stahiki kwa ule ufundi wa kuchanganya rangi mbili mraba kwa mraba, kwa sababu utaratibu wake ni ule ule katika fani zote mbili. Na kwa mandhari ndefu ya michezo inayosogea kutoka kulia kwenda kushoto, inayojengwa kwa vigae vichache vinavyojirudia, tunaona ukili wa mandhari ni jina litakaloeleweka.

Kitenzi fumua kinastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee. Programu za Kiswahili hutumia tendua kwa amri ya kurudi nyuma hatua moja. Fumua na tendua yana mofimu ile ile ya kutendua, na maana zake zinawiana: zote mbili ni kurudi kwa mpangilio, hatua ya mwisho ikitangulia. Hii ni tofauti na futa, ambayo huondoa bila kujali mpangilio. Tendua limekwisha kuzoeleka na hatuna sababu ya kuling'oa. Lakini mwalimu anayemfundisha mwanafunzi wa Kibiti tofauti ya tendua na futa anaweza kuanza na fumua, naye ataeleweka mara moja.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sanaa ya pikseli ya kuenzi michezo ya kale ni sanaa ya kuyakubali masharti, na kwamba katika Rufiji na Kibiti masharti ya namna hiyo yana wataalamu wake wa siku nyingi. Tofauti ni kwamba mchoraji wa leo huyachagua, ilhali msukaji hupewa na ukindu wenyewe.

Mikeka ya plastiki imeenea, na kila mkeka wa ukindu usiosukwa ni msamiati usiosemwa. Kamusi zetu zimehifadhi mkeka, ukili na chane. Majina ya nakshi, ya hatua za kazi na ya makosa yake, katika Kiswahili cha delta na katika Kindengereko, yanangoja kukusanywa. Hiyo ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa uzamili, na tungependa aende na karatasi ya miraba. Kwa kuchora kila nakshi mraba kwa mraba mbele ya msukaji, ataweza kuuliza jina la kila hatua, na kupata maneno ambayo hakuna hojaji ingeyafikia.