Miswada ya Kale Mtandaoni: Kuona Si Kusoma

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Kenya aliyetaka kuchunguza miswada asilia ya tenzi alilazimika aghalabu kusafiri hadi ng'ambo. Katika maktaba ya SOAS, London, kwa mfano, imehifadhiwa miswada iliyokusanywa na W. E. Taylor, Alice Werner na William Hichens, baadhi yake ikiwa imenakiliwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu. Leo, picha za sehemu ya hazina hiyo hupatikana kwenye mtandao.

Hata hivyo, kuiona picha si kuisoma. Miswada hiyo iliandikwa kwa hati za Kiarabu ambazo, kwa desturi ya kale, hazikutofautisha irabu e na i, wala o na u. Aidha, herufi moja, 'be', iliweza kuwakilisha b, p au mb. Hivyo, neno lile lile huweza kusomwa 'pili', 'mbili' au hata 'pele'. Muktadha, mizani na vina ndivyo vinavyoamua.

Ni dhahiri basi kwamba kila toleo la hati za Kirumi limebeba maamuzi ya mhariri wake. Mtafiti asiyezijua hati asilia huyapokea maamuzi hayo bila uwezo wa kuyahoji, hata yanapokosea. Mtandao umepunguza gharama ya safari. Haukuondoa haja ya elimu. Idara za Kiswahili hazina budi kuzifunza hati hizi, la sivyo urithi huu utarejea nyumbani ukiwa picha tu.