Kisu Kilichohukumiwa na Sinema

Mwaka 1957 Henry Fonda alichomeka kisu mezani, na hadi leo sijaona filamu iliyokitendea haki kisu cha springi kuliko ile. Ni 12 Angry Men, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Raia 12 wamefungiwa chumbani jijini New York siku ya joto kali, wakitakiwa kuamua kama kijana wa miaka 18 ndiye aliyemuua baba yake. Kumi na mmoja wameshaamua. Kielelezo kikuu ni kisu cha kufyatua kwa kitufe, chenye mpini wa nakshi, ambacho mwenye duka ameapa kuwa hajapata kuona kingine kama hicho. Fonda anaomba kiletwe. Kinachomekwa mezani, watu wanakitazama. Kisha anatia mkono mfukoni, anatoa cha kwake, anakifyatua na kukichomeka kando ya kile cha kwanza. Ni vilevile kabisa. Amekinunua kwa dola 6 kwenye duka la rehani, jirani tu na nyumbani kwa mshtakiwa.

Filamu nyingine za miaka hiyo zilikitumia kisu hiki kama hukumu iliyokwisha kuandikwa: ukimwona kijana anacho, umeshajua ni mtu wa aina gani. Lumet alikitoa mfukoni mwa mtu mwema aliyevaa suti nyeupe, tena mtu aliyevunja sheria ili akipate, maana New York ilikuwa imeshavipiga marufuku visu hivi tangu 1954. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kisu cha springi hakikuwa kikali kuliko visu vingine. Kilijua kuigiza kuliko visu vingine, na kwa kosa hilo kikatungiwa sheria.

Tukifungue kwanza. Kisu cha kawaida cha kukunja kinataka mikono miwili: mmoja unashika mpini, ukucha wa mwingine unavuta bapa. Ndani ya mpini wa kisu cha springi mna utepe wa chuma uliopindwa. Ukikifunga, kitako cha bapa kinaubana utepe huo, nao muda wote unataka kujinyoosha. Kinachouzuia ni pini ndogo iliyozama kwenye tundu la kitako. Bonyeza kitufe, pini inanyanyuka, utepe unapiga kitako, bapa linazunguka nusu duara, na pini inatumbukia kwenye tundu la pili ili lisirudi. Kando ya kitufe huwekwa kizuizi cha kusukuma kwa kidole, kisije kikafyatukia mfukoni na kumjeruhi mwenyewe. Hakuna zaidi ya hapo. Nguvu ya springi inaishia kwenye kufungua; katika kukata au kuchoma haiongezi chochote.

Mmarekani George Schrade alikuwa ameshaanza kupata hataza za visu vya kitufe mapema miaka ya 1890, na kwa miongo kadhaa viliuzwa kama vifaa vya kazi. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliwapa askari wa miavuli kisu cha aina hiyo kiitwacho M2, kwa sababu askari aliyenasa mtini kwa kamba za mwavuli anaweza kuwa na mkono mmoja tu ulio huru. Lakini kisu kilichoingia kwenye sinema si hicho. Kilichoingia ni cha Kiitaliano, kazi ya mafundi wa miji kama Maniago, huko Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, ambako visu vimefuliwa tangu karne ya 15. Askari walirudi nacho nyumbani kama kumbukumbu, kisha wafanyabiashara wakaanza kukiagiza. Ni chembamba, kirefu, kina ncha kama ya sindano na vikingio viwili vidogo pale mpini unapokutana na bapa. Kukitazama ni raha. Kumenyea viazi ni adhabu.

Sasa kiweke mbele ya kamera. Kisu cha jikoni kikiingia kwenye picha, kimeingia. Hakina la kufanya zaidi ya kusubiri kutumika. Cha springi kinaingia kikiwa hakionekani. Mkono umekunjwa, hakuna kitu. Halafu unasikika mlio, na mafundi wa sauti wa Hollywood hawakuuonea haya mlio huo, waliupa nguvu kuliko ulivyo. Halafu taa ya studio inagonga kwenye bapa. Kimya, mlio, mng'ao: mwongozaji anapata tukio zima bila mtu yeyote kuguswa.

Kutokumgusa mtu kulikuwa na thamani ya pekee wakati ule. Tangu 1934 hadi 1968, filamu za studio kubwa za Marekani zilipitia kwenye Kanuni za Utayarishaji, zile ambazo wengi huziita kanuni za Hays. Ndani yake, mauaji ya kikatili hayakutakiwa kuonyeshwa kwa undani, wala namna ya kutenda uhalifu isifundishwe. Jeraha lilikuwa tatizo, ila tishio liliruhusiwa. Chombo ambacho kazi yake kubwa ni tishio kiliwafaa waongozaji kuliko bastola, ambayo ikishatoka lazima ilie. Nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko hamu yoyote ya kuonyesha mitaa ilivyokuwa.

Mwaka uliokipandisha chati ni 1955. Machi ilitoka Blackboard Jungle ya Richard Brooks, habari ya mwalimu, Glenn Ford, katika shule ngumu ya wavulana jijini New York. Mwishoni Vic Morrow, katika filamu yake ya kwanza, anafyatua kisu darasani na kumkata mwalimu mkononi. Sidney Poitier, mwanafunzi mweusi ambaye filamu nzima tumefanywa tumshuku, ndiye anayesimama upande wa mwalimu. Na mvulana mwingine anachomoa mti wa bendera ya Marekani uliopo darasani, anambana nao ukutani mshirika wa Morrow. Ni fumbo zito kiasi cha kuchekesha. Hata hivyo Clare Boothe Luce, balozi wa Marekani nchini Italia, hakucheka. Alilalamika, na filamu ikaondolewa kwenye tamasha la Venice. Kwa hiyo Italia iliuza visu Marekani, na Marekani ikaona haya kuvionyesha Italia.

Oktoba ikaja Rebel Without a Cause ya Nicholas Ray, wiki chache baada ya James Dean kufa kwa ajali ya gari. Pambano la visu linafanyika juu ya kilima, kwenye baraza la kituo cha kutazamia nyota cha Griffith, jiji la Los Angeles likiwa limetandazwa chini yao. Buzz, kiongozi wa genge, anaanza kwa kutoboa tairi la gari la Jim, yaani Dean. Zingatia shabaha ya kwanza ya kisu katika filamu hiyo: mpira. Kisha wanazungukana, wanachokozana kwa ncha, na sharti la mchezo ni kudonoa bila kukata. Ray alimchukua Frank Mazzola, kijana aliyetoka kwenye genge la kweli, awaelekeze waigizaji namna ya kusimama na kushika. Visu vilikuwa vya kweli na waigizaji walivaa kinga kifuani. Inasimuliwa kwamba Dean alidonolewa nyuma ya sikio, Ray akasimamisha kamera, na Dean akaghadhibika, si kwa maumivu, kwa kukatishwa.

Tazama pia vijana wa Ray ni akina nani. Hawa ni watoto wa vitongoji vya wenye nacho, wana magari na baba zao wana kazi nzuri. Kisu cha genge kilikuwa kimepanda ngazi hadi kwao, na mzazi wa tabaka la kati aliyekaa gizani kwenye ukumbi wa sinema alianza kujiuliza mwanawe ana nini mfukoni.

Hofu hiyo ilikuwa imeshachochewa magazetini. Novemba 1950 jarida la akina mama, Woman's Home Companion, lilichapisha makala ya Jack Harrison Pollack, "The Toy That Kills", yaani kichezeo kinachoua, na yakawatia wazazi kiwewe nchi nzima. Baada ya makala, majimbo. Baada ya majimbo, Washington. Juni 1955 kamati ndogo ya Seneti ya uhalifu wa vijana, chini ya Seneta Estes Kefauver, iliketi Los Angeles kuwahoji watu wa filamu. Kwa kipindi fulani wanasiasa na watengenezaji filamu walikuwa wanatazamana kama watu wawili wenye vioo: seneta anaonyesha filamu kama ushahidi wa hali ya mitaa, mtengenezaji anaonyesha hotuba za maseneta kama ushahidi kwamba filamu yake ni ya kweli. Agosti 12, 1958 sheria ya shirikisho ikapita. Kwa jumla haikumkataza mtu kumiliki kisu. Ilikataza kuvitengeneza kwa biashara ya kuvuka mipaka ya majimbo na kuviingiza kutoka nje, kwa adhabu ya faini hadi dola 2,000 au kifungo hadi miaka 5. Uingereza, iliyokuwa na homa yake ya vijana wa mitaani walioitwa Teddy boys, ilifuata mwaka 1959.

Hakuna aliyeona haja ya kukataza kisu cha jikoni, na kusema kweli isingewezekana kukikataza. Lakini takwimu za mauaji za Uingereza na Wales za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba aina ya kisu inayotajwa zaidi ni hicho hicho cha jikoni. Sisemi kwamba kisu cha springi hakijaua, kimeua. Ninachosema ni kwamba anayetaka kumchoma mwenzake hasubiri springi.

Mtu wa sinema aliyelijua hilo vizuri ni Reginald Rose, mwandishi wa 12 Angry Men. Turudi chumbani mle, kwa kuwa kile kisu cha pili ni nusu tu ya kazi. Baadaye linazuka suala la jeraha: marehemu alichomwa kutoka juu kwenda chini, ilhali yeye alikuwa mrefu kuliko mwanawe kwa inchi 7. Lee J. Cobb anachutama ili awe mfupi, ananyanyua kisu juu ya kifua cha Fonda, na chumba kizima kinashikwa na baridi. Hapo Jack Klugman, aliyekulia uswahilini na kuyaona mapigano ya visu kwa macho yake, anaomba akishike yeye. Hataki kukishika, uso wake unakwambia. Anakifyatua, na mkono wake unabaki chini kiunoni, ncha ikitazama mbele na juu. Hivyo ndivyo kinavyotoka. Ukitaka kuchoma kwa kushusha, inabidi kwanza ukigeuze mkononi, na ukishapoteza muda huo springi imekusaidia nini? Kijana aliyezoea kisu kile asingekitumia namna ile.

Ninapotazama kipande hicho huwa najiuliza ni filamu ngapi nyingine zilizowahi kumpa nafasi anayekijua kisu aseme kinavyofanya kazi. Katika West Side Story, iliyopanda jukwaani Broadway mwaka huohuo wa 1957 na kuwa filamu mwaka 1961, visu vinacheza dansi. Jerome Robbins aliwapangia hatua Riff na Bernardo, viongozi wa magenge mawili, chini ya barabara ya juu, na wote wawili wanakufa kwa mizunguko iliyopimwa kwa muziki. Ni kazi nzuri mno, nayo ndiyo iliyokifanya kisu hiki vazi, sehemu ya sare pamoja na koti na nywele za mafuta.

Vazi likishakuwa vazi, huchakaa. Mwaka 1974 Roman Polanski mwenyewe, ndani ya filamu yake Chinatown, alimpasua pua Jack Nicholson kwa kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya tukio hilo, ncha yake ikiwa na bawaba ya kujikunja upande mmoja tu. Kwa kuwa kanuni za Hays zilikuwa zimekufa, damu ilionekana. Mwaka 1983 Michael Jackson akawatenganisha wanaume wawili waliofungwa mikono pamoja, kila mmoja na kisu chake, kwenye video ya Beat It. Waliokuwa vijana enzi za kaseti za VHS hawahitaji kukumbushwa. Kufikia Crocodile Dundee ya 1986 kisu cha springi kimekuwa kichekesho: kibaka wa New York anakifyatua, naye Mwaustralia anachomoa jisu la porini lenye upana wa kiganja, na ukumbi unaangua kicheko. Wakati huo maduka ya vikorokoro yalikuwa yakiuza vitana vya springi, mpini uleule na kitufe kilekile, vikifyatuka unachana nywele.

Sheria zilichakaa polepole zaidi. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limevikataza visu hivi tangu 1957, na Agosti 2024 mahakama yake ya juu kabisa ikalitupa katazo hilo. Majaji walikiweka kisu cha springi kwenye ukoo wa visu vya kukunja ambavyo Wamarekani wametembea navyo mfukoni tangu enzi za ukoloni, wakaeleza kwamba yamebaki majimbo 7 tu na mji mkuu wa Washington yanayovikataza moja kwa moja. Sheria ya shirikisho ya 1958 yenyewe ingalipo. Na ndani yake kimo kifungu ambacho sijaona mwandishi wa filamu akikitumia: mtu mwenye mkono mmoja anaruhusiwa kusafiri na kisu cha springi, mradi bapa lake lisizidi inchi 3.